Nililipa KSh 168,000 kusikiliza kanda za baba

Niseme mapema, mi si fundi wala mtaalamu wa sauti. Kazi yangu ni boti, nabeba abiria Mokowe, Amu (yani Lamu mjini), Shela, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na injini ya farasi 40 inanguruma nyuma ya kisogo changu mwaka wa 17 huu. Hilo la injini mliweke akilini manake litarudi. Haya ninayoandika nimeyajua kwa kuumia mfukoni, na mwezi huu nimeona vijana wawili wa hapa mtaani wanatumiana picha za saundiba, spika ya tivii, kama ile ile niliyonunua mimi wanaulizana bei, nikaona basi wacha niseme.

Kisa kilianza na redio ya baba. Alikua na redio kaseti kubwa, ya tangu mimi niko chuoni nasoma juzuu, na sanduku zima la kanda za harusi, udi na fidla na dumbak, zilizorekodiwa na mtu aliyeweka kinasa sauti juu ya jamvi akaenda zake kula biriani. Mwaka 2021 redio ikafa. Taa inawaka, ukibonyeza kanda haizunguki. Baba hakusema kitu, ila akawa akitoka msikitini isha anakaa barazani kimya, saa ile ile aliyokua akisikiliza nyimbo zake, na mimi nikimuona vile roho yangu inafanya uzito. Nikasema huyu mzee nitamtilia kitu cha maana hapa nyumbani, kitu ambacho Amu nzima hakuna.

Nikazipeleka kanda 11 kwa kijana mmoja Mombasa azigeuze ziingie kwenye flashi. Alinifanyia kwa KSh 200 kila kanda, haraka haraka, siku mbili tu akanirudishia, nami nikafurahi vile alivyo mwepesi. Sikumuuliza anazigeuza kwa kiwango gani. Baadae sana ndo nikaja kuambiwa faili zile ni kilobiti 64 kwa sekunde, yani zimebanwa mpaka fidla inalia kama mbu. Sasa fikiria mtu ana maji ya chumvi kwenye mtungi, anaenda kununua glasi ya laki ili maji yawe matamu.

Matangazo nayo yalikua yamenizunguka. Ukishatafuta kitu mara moja kwenye simu, basi kila ukifungua unakipata, mara mwanamke wa kizungu amefumba macho kwenye sofa, mara mawimbi ya rangi yanatoka ukutani yanamfunika. Hakuna hata tangazo moja lililoniambia kile kidude kina spika za inchi ngapi ndani. Nami sikujiuliza. Jina nilishalijua, wachezaji mpira wanalivaa shingoni, nikaona kampuni inayoweza kulipa watu wale haiwezi kuuza takataka.

Nilipokwenda Mombasa kununua plagi na oili za boti nikaingia duka moja kwenye yale majengo makubwa ya biashara. Jina la duka wala la chapa sitataja, halina faida. Kuna chumba cha vioo, giza, kapeti nene mpaka ukutani, sofa la ngozi. Kijana akanikalisha, akaniletea maji baridi, akasema, "Boss, sikiliza kwanza hii ya kawaida." Ikalia, nikaona sawa tu. "Sasa sikiliza hii premium." Wallahi nywele zilinisimama. Mvua inanyesha juu ya kichwa changu, ndege anapita kutoka kulia kwenda kushoto, besi inanikanda kifua kama mtu ananisinga. Nikatoka mle ndani nishanunua moyoni.

Leo najua alichonifanyia, na kama utabeba kitu kimoja kwenye haya maneno yangu beba hiki. Ile ya pili aliipiga kwa sauti ya juu kuliko ya kwanza. Si juu sana, kidogo tu. Sikio la binadamu likisikia vitu viwili, kile kilichozidi sauti hata kwa nukta ndogo linakiona ndo kizuri, safi, kina uhai, halijui kua limepewa zaidi. Halafu wimbo aliuchagua yeye, na chumba ni chake, kimetandikwa kwa kazi hiyo. Sikupiga hata kanda moja ya baba pale, na flashi nilikua nayo mfukoni, kwenye kifuko kimoja na funguo za boti.

Bei ilikua KSh 168,000. Saundiba yenyewe, ule mti mrefu wa kuweka chini ya tivii, na boksi la besi lisilo na waya, na vijispika viwili vya nyuma. Juu yake kijana akanibandika waya wa HDMI, ule wa kuunga na tivii, wa KSh 3,800, ati wenye dhahabu unatoa sauti ya dhahabu. (Nilikuja kuujaribu na wa 400, hakuna tofauti hata chembe, waya ule unapitisha namba, zikifika zimefika zisipofika picha au sauti inakatika, hauna njia ya kuongeza utamu.) Mwenyewe nilikua na laki moja. Hiyo laki ilikua ya giaboksi ya injini, fundi wa mashine alishaniambia ile inalia vibaya nisifike nayo msimu wa kaskazi. Zilizobaki nikakopa chama, 75,000, nikaja kuzilipa 82,500.

Basi, boti, hamali, mkokoteni, lile katoni likapita vichochoroni watu wanatoka madirishani kuangalia kama tunapitisha bibi harusi. Mke wangu akalitazama, akasoma jina, akaniuliza, "Baba watoto, na ile ya injini?" Nikamwambia itapatikana. Hakuniuliza tena, na kutoniuliza kwake kulinikera kuliko angepiga kelele.

Sasa ngoja niwaeleze nyumba yetu ilivyo, manake hapa ndipo pesa ilipokufa. Ni nyumba ya kale ya mawe, kuta nene za matumbawe, chokaa laini, zidaka, yani vishubaka vya ukutani, na msana, ukumbi wetu wa kukaa, mrefu mwembamba. Wembamba ule una sababu yake, dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti hazifiki mbali, ndo maana vyumba vyetu vya Amu vingi vina upana kama mita 2.8 hivi hata urefu ukiwa mita 6 au 7. Kuta mbili ngumu zinatazamana kwa karibu. Sauti ikitoka inagonga huku inarudi kule inagonga tena. Piga kofi moja msanani kwetu utasikia linatetemeka lenyewe kwa muda.

Usiku ule tukakaa wote, baba kwenye kiti chake, watoto chini, nikabonyeza. Besi ikavuma kama jenereta liko chumba cha pili. Mwimbaji, mwanamume mwenye sauti nzito, akawa anaimba kutoka chini ya meza. Sikutanii, uso wa wimbo uko kwenye tivii, mwili wa sauti uko sakafuni pembeni, pale nilipoweka boksi. Mvua ya juu ya kichwa haikunyesha. Baba akasikiliza nyimbo mbili, akasema, "Mashaallah, nguvu iko," akasimama akaenda kulala.

Nguvu iko. Neno lile nikalibeba miezi minne nikilifanya sifa. Kila mgeni akija nawasha, nampigia ile vidio ya mvua waliyoniwekea dukani, nasubiri ashangae, akishangaa nafurahi, usiku nikibaki peke yangu nazima manake kichwa kinaniuma. Pesa ikishatoka masikio yanaanza kuitetea. Ni kama umemuoza binti kwa harusi kubwa, ukisikia mume ana kasoro unajifanya hujasikia.

Kaskazi ikaingia, wageni wakajaa, na giaboksi ikafa katikati ya mkondo nina abiria wanane. Tulivutwa na boti ya jirani. Siku tisa sikufanya kazi, msimu wenyewe ndo ule, kwa hesabu yangu nilipoteza kama elfu 60 na giaboksi nikanunua kwa deni. Nikapita Mombasa kwenye duka lile lile, saundiba yangu iko dirishani imeandikwa KSh 124,000, kwasababu toleo jipya limeingia. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Vitu hivi vinashuka bei kila toleo jipya likija, kama roho inataka sana basi subiri, hakiharibiki kikiwa dukani.

Nyumbani nikaamua kumuita fundi wa redio wa Langoni, mzee wa makamo ana kibanda kimejaa maiti za ampli. Nilimuita aje aniambie kama kitu kimeharibika. Akakaa, akasikiliza kimya, halafu badala ya kushika rimoti akainama nyuma akasoma vibandiko. Kwenye katoni imeandikwa wati 600. Kwenye adapta ya saundiba imeandikwa volti 24, ampea 2.5. Akaniambia, "Zidisha." Wati sitini. Kwenye boksi la besi imeandikwa 40. "Sasa ndugu yangu, mia ndo inayoingia kutoka ukutani, hiyo mia sita inatoka wapi, kwa majini?" Akanieleza kwamba kwa mshindo mfupi wa ngoma inaweza kuruka juu kwa vile kuna umeme uliowekwa akiba ndani, lakini mfululizo haiwezi kutoa kuliko inachokula. Na hata hizo 600 zingekua za kweli, ukitoka wati 300 kwenda 600 unaongeza desibeli 3 tu, sikio linaona kidogo. Ukitaka sauti uione imekua mara mbili inabidi wati ziwe mara kumi. Mara kumi! Yani vita vyote vile vya wati kwenye makatoni ni kelele za sokoni. Kwa hiyo geuza kitu, soma kibandiko cha nyuma, zidisha volti kwa ampea, ni hesabu ya mtoto wa darasa la tano.

Halafu akafungua kitambaa cha mbele. Vispika vya inchi mbili. Akasema vidogo hivi haviwezi kushusha sauti nzito, chini ya hezi 150 au 200 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde) vinakua vimechoka, kwa hiyo kampuni inalazimika kuzisukuma zote kwenye boksi la besi. Na sauti ya mwanamume ikiongea inaanzia kwenye hezi 85 mpaka 180 hivi. Ndo hapo nikaelewa kwanini mwimbaji wangu alikua chini ya meza. Hakuna kilichoharibika, ndivyo kilivyotengenezwa.

Na mvua ya juu? Akaangalia dari akacheka mpaka akakohoa. Zile spika za kutazama juu zinarusha sauti igonge dari irudi kwako, na zinataka dari bapa, gumu, lisilo refu mno. Sisi dari letu ni boriti na mawe, mabonde na vilima, sauti inatawanyika huko huko. Ungekua na paa la makuti ingekua balaa zaidi, makuti yanainywa sauti yote. Nilitoa maelfu kwa kitu ambacho nyumba ya babu yangu haikikubali.

Ila fundi yule ndo aliyenipa dawa ya bure, na inafanya kazi kwa spika yoyote ya bei yoyote. Boksi la besi nilikua nimelitupa pembeni kabisa, kwenye kona, na kona inaongeza besi kama pipa. Halafu chumba cha upana wa mita 2.8 kina sauti yake kinachoipenda, karibu na hezi 61, ukiegemea ukuta inakupiga, ukikaa katikati inapotea, na mimi nilidhani ni kasoro ya mashine. Akaniambia libebe boksi uliweke pale kwenye kiti unachokaa, piga wimbo wenye besi, halafu wewe tambaa chini pembeni mwa kuta, pale utakaposikia besi imetulia, haivumi wala haijapotea, hapo ndo uliweke. Basi mtu mzima na ndevu zangu natambaa msanani, sikio chini, jirani akaingia kuomba limau akanikuta vile akauliza, "Umepoteza pete?" Lakini nilipaona. Karibu na mlango, mita moja na kitu kutoka kona. Tukatandika mkeka mzito na jamvi, mke wangu akashusha pazia nene ukuta mmoja, nikajaza zidaka vitambaa na misahafu na vyombo badala ya kuziacha wazi. Kelele ile ikapungua nusu. Senti moja haikutoka. Kama ningefanya haya kabla ya kwenda Mombasa huenda hata spika ya elfu 10 ingenitosha.

Tukafika kwenye mtihani. Fundi alikua na spika mbili alizojenga mwenyewe, maboksi ya plaiwudi alichongewa na seremala, spika ya inchi 6 na nusu na twita moja, kile kispika cha sauti nyembamba, kila boksi, na kijiampli kidogo cha bodi, kile chenye chipu ya TPA3116 ambayo utaipata kwenye ampli nyingi za bei nafuu. Vyote kwa hesabu yake havikuzidi KSh 21,000. Tukaviweka pamoja na saundiba, tukatundika leso mbili mbele, hakuna anayeona kinacholia. Akawasha programu ya kupima sauti kwenye simu akasawazisha zote mbili zilie sawa sawa, hapo alikazania kweli, akasema bila hivyo mtihani ni bure. Tulikaa watu saba. Kwenye udi na kasida watano wakachagua ya fundi, mimi nikiwemo. Kwenye filamu, milipuko na magari, wengi walichagua ile yangu. Na sauti ilipokua chini kabisa, ile ya usiku watoto wamelala, yangu ilishinda tena, manake ina kompyuta ndani inapandisha besi taratibu usikie bila kuamsha mtu. Nasema haki yake. Ina na kibonyezo cha kufanya maneno ya habari yasikike wazi, hicho mama yangu anakipenda mno.

Halafu leso zikaondolewa tukarudia, na hapa ndo kichekesho, wawili wakabadilisha kura wakaihamia yangu. Wameshaiona. Kumbe hili jambo lina wenyewe, fundi aliniambia kuna watafiti wawili, Floyd Toole na Sean Olive, mwaka 1994 walifanya hivyo hivyo wakiwa kampuni ya Harman ya Marekani, watu wakasikiliza spika zile zile wakiziona na zikiwa zimefichwa, alama zikabadilika, macho yakawa yanasikiliza kuliko masikio. Na Harman wenyewe ni wauzaji wa spika, si kwamba walitumwa na maskini wenye husda.

Hapo nikaanza kusoma mwenyewe. Nikajua kua JBL, Harman Kardon, AKG, Infinity, vyote ni vya hao hao Harman, na Samsung aliinunua Harman yote mwaka 2017 kwa kama dola bilioni 8. Kwa hiyo sisi tunabishana barazani hii bora ile bora, pesa inaingia mfuko mmoja. Beats ya hedifoni ilianzishwa 2006 na mwanamuziki Dr. Dre na mwenzake Jimmy Iovine, mwaka 2014 Apple akailipia dola bilioni 3 pamoja na huduma yao ya muziki. Sisemi ni vibaya, nasema ukilipa ujue unalipia nini, sehemu ya bei ni waya na sumaku, sehemu ni uso wa mchezaji mpira.

Katoni langu lilikua na kialama cha dhahabu kilichonivutia sana dukani, cha Hi-Res, yani sauti ya ubora wa juu, muuzaji aliniambia sauti inafika hezi 40,000. Binadamu mwenye masikio mazima ya kitoto anaishia 20,000. Nikapakua programu ya kupiga milio kwenye simu, nikavaa hedifoni, nikapanda taratibu. Binti yangu wa miaka tisa alifika 17,000 anainua mkono. Mimi 10,500 kimya. Nikadhani simu imekwama. Miaka 17 ya injini, nimeshauza masikio yangu juu ya maji na sikujua. Siku ile nilinyamaza kidogo. Sasa naweka vizibo vya masikio nikiendesha, bei yake shilingi 50, abiria wananicheka. Hizo hezi 40,000 labda popo wa gofu la jirani wanazifaidi.

Nikaamua nami nijenge maboksi kama ya fundi. Kosa langu la kwanza, nilitumia ile mbao ya unga wa mbao kwa vile ni rahisi, mvua za mwaka ule na unyevu wa bahari ikavimba kama mkate. Plaiwudi, msikie wa Pwani, plaiwudi na uipake rangi mpaka ndani. Spika nazo angalia ule mduara wa pembeni uwe wa mpira, wa sponji kwa hewa yetu baada ya miaka unamomonyoka ukiugusa. Na vichwa vya waya vinaota kijani, visugue kila baada ya miezi. Kosa la pili lilinitoa jasho, nilifunga kila kitu, nikawasha, besi hakuna kabisa, sauti nyembamba inaelea haina makao. Nilimlaani muuzaji siku mbili. Fundi akaja akachukua betri ndogo ya volti 1.5, akagusisha kwenye waya za kila spika, moja ikaruka mbele, nyingine ikarudi nyuma. Nilikua nimegeuza nyekundu na nyeusi upande mmoja, spika moja inasukuma hewa nyingine inaivuta, zinafutana. Akageuza, besi ikaja papo hapo. Jumla nilitumia 26,500 pamoja na mbao zilizovimba.

Msije mkanielewa kua kila jina kubwa ni wizi. Kuna kitu kimoja nikiwa na pesa ningelipia bila kubisha, hedifoni za kuua kelele. Mgeni mmoja alinivalisha zake tukiwa Mokowe injini inawaka, mngurumo ukafutika kama mtu amefunga mlango. Ile ni kazi ya kweli ya maabara, profesa Amar Bose alianza kuifikiria akiwa kwenye ndege mwaka 1978, inasikiliza kelele inatoa mawimbi ya kinyume yanaiua. Ujuzi kama ule haujengi na plaiwudi. Ila nunua kwa mtu mwenye risiti, feki zimejaa, zinaandikwa jina lile lile kwa 1,500 na hazizuii hata nzi.

Na jambo la ripea uliza kabla hujatoa pesa. Stima ilipokatika na kurudi kwa kishindo siku moja, boksi langu la besi likazima. Duka likasema waranti haihusu mambo ya umeme. Fundi akafungua, bodi imefunikwa lami nyeusi, kipuri hakiuzwi peke yake, na huwezi kuunga boksi jingine kwa vile linaongea na saundiba yake tu. Nilibahatika, ilikua fyuzi ya ndani. Baada ya pale nikanunua stebilaiza ya 4,500, ambayo ingetakiwa iwe kitu cha kwanza. Na ukiletewa kitu na jamaa wa Marekani angalia kibandiko kabla hujachomeka, kule umeme wao ni volti 120 sisi 240, kikiwa hakijaandikwa 100 mpaka 240 utasikia mshindo mmoja tu na harufu.

Saundiba niliiuza mwaka jana kwa KSh 58,000, kwa mwenye nyumba ya wageni Shela, ana chumba kipya cha simenti, dari bapa, pana. Nilikwenda kumfungia mwenyewe. Wallahi mle ndani ilinyesha mvua.

Baba siku zote hizi alikua anatazama tu, spika zinaingia, zinatoka, mimi natambaa, leso zinatundikwa. Siku nilipomaliza maboksi yangu nikamuita, nikampigia kanda ya harusi ya ami. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema fidla inalia kama mbu, redio yangu haikua hivi. Nikamwambia baba, redio si ilikufa. Akasema, "Haikufa. Iko yuu ya kabati. Yataka mkanda tu." Nikamwambia mbona hukusema? Akasema, "Hukuniuza," yani sikumuuliza.

Fundi aliifungua siku ile ile barazani kwetu. Ndani kuna mkanda mdogo wa mpira wa kuzungusha gurudumu, umeyeyuka umekua kama gundi. Akaufuta kwa spiriti, akatafuta mwengine kwenye kopo lake la vipuri, akavisha. KSh 250, na chai.